Katika Kumi, Hesabu Tatu

"Mimi nikishakisia, hata Mungu inabidi arekebishe mvua yake ifuate karatasi yangu!"

Obedi Mayala aliyasema hayo kwenye arusi moja ya Nyakato, mwishoni mwa mwaka 1995, kipaza sauti mkononi na tai shingoni, mbele ya maharusi, mchungaji na masufuria manne ya pilau. Mchungaji alicheka, kwa hiyo waumini nao wakapata ruhusa. Obedi akanogewa. "Na leo nawakisia jingine. Kumbukumbu ya kompyuta, kile kipande cha ndani kinachoifanya ikumbuke, haitashuka bei mpaka mwaka elfu mbili. Itapanda mara mbili! Mwenye macho na anunue sasa." Nusu ya ukumbi ilikuwa haijawahi kuona kompyuta ikiwashwa, lakini makofi yalipigwa. Mwanza, mtu akiwa na tai na sauti nzito hupigiwa makofi kwanza, maswali baadaye.

Karibu na jukwaa, mdogo wake Tereza hakupiga makofi. Alikuwa anafikiri. Hilo ndilo lililokuja kumtesa Obedi kuliko mengine yote: katika ukumbi mzima, aliyemwamini kwa dhati alikuwa mmoja tu, na walitoka tumbo moja.

Majivuno yale hayakuota hewani. Kwa zaidi ya miaka ishirini Obedi alikuwa mkadiriaji wa pamba wa chama cha ushirika. Alisomea kilimo chuoni Ukiriguru, akapewa baiskeli, kofia na penseli, akaambiwa aseme pamba itakuwa kiasi gani kabla pamba yenyewe haijajijua. Aliingia shambani, akahesabu vitumba kwenye mche huu na mche ule, akazidisha kwa miche, akazidisha kwa ekari, akatoa mbuzi, akatoa mvua ya mawe, akatoa uongo wa katibu kata, na kilichobaki yakawa marobota. Wakulima walimwogopa kidogo. Mtu anayeangalia shamba lako mara moja na kukwambia utavuna nini hana tofauti kubwa na mganga, isipokuwa mganga hapandi baiskeli ya serikali.

Lakini sifa zake hazikutoka shambani, zilitoka kwenye vinu. Pamba bila kinu cha kuichambua ni uchafu mweupe. Kila mwaka wakubwa walitaka kujua vinu vitameza marobota mangapi, pamoja na vile vipya vilivyotangazwa. Wenzake waliandika vyote vilivyotangazwa. Obedi aliandika theluthi, tena kwa shingo upande. "Nyie hamjui kinu kinavyojengwa," aliwaambia. "Linawekwa jiwe la msingi. Mgeni rasmi anakata utepe. Ng'ombe anachinjwa, watu wanakula, kwaya inaimba. Mwaka unaofuata mbuzi wanalala juu ya lile jiwe kwa sababu lina joto. Katika kumi, hesabu tatu." Wakamcheka, na kila mwaka yeye akawa sahihi. Mtu akiwa sahihi miaka ishirini mfululizo kwa kudhani mabaya, hugeuza dharau kuwa elimu.

Soko huria lilipoingia, wanunuzi wa pamba wenye mizani zao na malori yao wakajaa vijijini, na ushirika ukaanza kukohoa. Obedi aliagwa kwa soda na hotuba. Akaokotwa na Shantilal, mwenye duka la redio na pasi mtaa wa Rwagasore, ambaye sasa alikuwa ameanza kuuza kompyuta. Shantilal alizaliwa Mwanza, na Kisukuma alikizungumza vizuri kuliko baadhi ya madiwani. Alimtaka Obedi kwa mambo mawili: mwandiko wake mzuri, wa kuandikia kadi za bei dirishani, na kichwa chake cha makisio. Mwanawe Kushal alikuwa Dubai, na kila mwezi alituma majarida ya biashara ya vifaa vya umeme. Shantilal hakuwa na macho ya kuyasoma wala subira.

Obedi aliyasoma kama mtu aliyerudishiwa ujana wake. Kumbe kule nako kulikuwa na mashamba na vinu! Chipu, alielewa, hukatwa kutoka kwenye sahani nyembamba ya silikoni, kama mama lishe anavyokata maandazi kwenye donge alilolisukuma: kingo zinabaki, mengine yanaungua, mazuri yanauzwa. Zile zinazoharibika akaziita fifi, kama pamba ya daraja la pili. Kiwanda kilipimwa kwa sahani kinazotoa kwa mwezi. Akachukua karatasi la kufungia pasi, akalitandaza juu ya kaunta, akaanza kuikadiria dunia: Japani hapa, Korea pale, Taiwani, Singapoo, Amerika. Sahani kwa mwezi, mara chipu kwa sahani, toa fifi. Wateja wa betri walisubiri.

Kisha akafika kwenye viwanda vipya. Majarida yalitangaza vingi, kila kampuni na chake, vingine viwili viwili.

"Bwana Mayala," Shantilal alisema akichungulia juu ya bega lake, "mbona hapa wameandika viwanda vyote hivi, wewe umeweka vichache?"

"Wameandika, mzee. Hata kijiji chetu kiliandikiwa hospitali."

"Lakini hii Korea."

"Binadamu ni binadamu. Mgeni rasmi akishakata utepe anarudi nyumbani. Nani anabaki kununua saruji?"

Shantilal alicheka mpaka miwani ikateremka. Ila hakuagiza hata kipande kimoja cha akiba. Yeye alikuwa na kanuni yake: anaagiza alicholipia mtu. Obedi aliliona hilo akalihesabu kuwa ni uoga wa wafanyabiashara.

Hesabu yake ilikuwa safi, hakuna mwalimu angeikata. Amerika walikuwa wametoa programu mpya inayokula kumbukumbu kama ng'ombe aliyeingia kwenye mihogo. Benki zinafunguliwa, viwanda vya minofu ya sangara vinanunua kompyuta, misheni zinanunua. Viwanda vya chipu vitajengwa vitatu katika kumi. Basi kipande cha megabaiti nne, kilichokuwa elfu tisini na tano dukani, kitapanda mara mbili. Ndicho alichokwenda kukitangaza arusini.

Tereza alikuwa na chuo cha uhazili pale Buzuruga, karibu na stendi. Wasichana walijifunza kuchapa huku wapiga debe wakiwaimbia dirishani majina ya miji. Mumewe alikuwa amefariki, akamwachia binti, Gladness, na ng'ombe waliokuwa zizini kwa shemeji yake Maige, huko Magu. Chumba cha pili cha chuo kilikuwa kimefika kwenye lenta, kikakaa hapo, kikaota majani. Wiki moja baada ya arusi alimfuata kaka yake dukani.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba, Mama Gladness. Umekuja kununua redio?"

"Nimekuja kwa lile la arusini. Nikiuza ng'ombe nikanunua vile vipande, nikaviweka, vikapanda nikawauzia hawa wa viwanda vya samaki, nitaezeka chumba?"

"Utaezeka, na ubaki na cha kupiga rangi."

Lakini ng'ombe walikuwa mikononi mwa Maige, na Maige hakuwa mtu wa kusikiliza habari kutoka kwa mwanamke zilizotoka kwenye jarida. Obedi akajitolea kwenda mwenyewe. Ilikuwa mwezi wa pili, mwaka 1996. Alivaa tai.

"Ng'ombe anazaa, shemeji," Maige alisema, amekaa kwenye kigoda chake. "Hiyo kumbukumbu yako inazaa?"

"Haizai, lakini haili."

"Hata jiwe halili. Mbona sijalifungia zizini?"

Watoto waliokuwa wanapukuchua mahindi wakaangua kicheko. Obedi akalegeza tai. "Shemeji, ng'ombe wakipata ugonjwa wanakwisha kwa wiki."

"Wakifa nakula nyama. Hiyo ikifa utakula nini?"

Walivutana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Maige akasimama. Alikuwa mtu wa haki, na ng'ombe walikuwa haki ya Tereza na mwanawe. "Haya. Wewe ndiye msomi, wewe ndiye kaka yake. Ukiniambia ni salama, mimi nani nibishe?"

"Ni salama," Obedi alisema, na siku hiyo alikuwa anaamini. Ng'ombe wakaenda mnadani, na yeye akakabidhiwa bahasha ya fedha, akaitia mfuko wa ndani wa koti.

Akiwa anatembea kwenda barabarani ndipo alipokiona. Kando ya njia, mahali ambapo msimu uliopita palikuwa na mtama, palisimama kinu cha pamba. Kilikuwa na bati jipya, mabomba na mashine, na ndani kulikuwa na mngurumo: walikuwa wanakijaribu. Obedi alisimama kama mtu aliyekutana na marehemu.

"Hiki kimejengwa lini?" alimuuliza mlinzi.

"Tangazo mwezi wa saba, msingi mwezi wa nane. Sisi tuliona tu bati."

"Nani alikata utepe?"

"Utepe wa nini? Mwenyewe amekopa benki. Anakuja hapa alfajiri kutukana mafundi."

"Na vile vingine vilivyotangazwa? Kile cha kule darajani, na kile cha njia panda?"

"Cha darajani wamepaua. Cha njia panda wameshaajiri."

Vilitangazwa vitatu. Obedi, kwa kanuni yake, alikuwa amehesabu kimoja tu, tena kwa huruma. Vyote vitatu vilikuwa vimesimama. Akaketi kwenye jiwe, akaanza kuelewa. Vinu vyake vya zamani vilijengwa na watu wasiolipa riba. Mwenye kinu hiki hakuweza kumwachia mbuzi jiwe la msingi, kwa sababu riba hailali. Na wale wa Korea, wale wa Taiwani, walijenga kwa fedha za nani? Za kukopa. Alikuwa ameikadiria dunia nzima kwa kipimo cha ofisi yake ya zamani. Akatoa penseli, akarudia hesabu palepale juu ya goti, safari hii kumi katika kumi. Chipu zilimwagika mpaka nje ya karatasi. Dunia ingekuwa na kumbukumbu nyingi kuliko watu wa kukumbuka.

Bahasha ilikuwa bado mfukoni. Hilo ndilo ambalo baadaye hakuweza kulizunguka, hata alipopita njia ndefu: bahasha ilikuwa bado mfukoni.

Kule Buzuruga, Tereza alikuwa amempikia sato. Alimnawisha mikono, akamwekea kichwa cha samaki, sehemu ya mwenye heshima. Alisubiri amalize ndipo akauliza, taratibu, kama anayeomba radhi kwa kuuliza.

"Kaka, kabla sijapeleka kwa Shantilal. Una hakika?"

Obedi aliuona ukumbi wa Nyakato. Alimwona mchungaji, aliona masufuria, aliisikia sauti yake mwenyewe ikimpangia Mungu mvua. Alimwona Maige akicheka na watoto wake. Neno moja tu lilihitajika, nalo halikuwa refu.

"Lini umeniona nimekosea?" alisema.

Lile halikuwa jibu, ila lilikuwa limevaa nguo za jibu, na Tereza akaridhika. Kesho yake bahasha ikawa ya Shantilal, na baada ya wiki chache katoni ikafika kutoka Dubai. Tereza alivipanga vipande vyake kabatini, kila kimoja ndani ya mfuko wake wa kung'aa, akaviwekea vidonge vya kufukuza nondo. "Vidudu vya huku havijui kisasa," alisema. Akafunga na kufuli.

Kuanzia hapo bei ikaanza kuteremka kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Na mwenye mwandiko mzuri dukani alikuwa Obedi. Kila Kushal alipopiga simu, Shantilal alitaja tarakimu, na Obedi akachukua kadi mpya na kalamu ya wino mzito, akaandika mwenyewe, kwa herufi zile zile nzuri za ushirika: elfu themanini. Elfu sitini na mbili. Elfu arobaini na tano. Majarida yakaja na picha za viwanda vipya, vyote vimepauliwa, vinang'aa, hakuna mbuzi hata mmoja.

"Bei ikoje, kaka?" Tereza aliuliza kila Jumapili.

"Inapumua," alisema mwezi wa nne.

"Inajikusanya," alisema mwezi wa sita.

Aliacha kula kichwa cha samaki kwa dada yake, akasingizia meno. Aliacha sukari kwenye chai bila kuambiwa na daktari, kana kwamba bei ya chipu ingemwonea huruma. Usingizi haukumkosa, na hilo lilimkera: alitamani angalau akose usingizi, apate cha kujitetea mbele za Mungu.

"Umemwambia dada yako?" Shantilal alimuuliza, huku akifuta vumbi redio.

"Bado."

"Mimi si kaka yake. Ila vile vipande nitavinunua mimi. Leo kwa bei ya leo, kesho kwa bei ya kesho. Mwambie."

"Nitamwambia Jumapili."

Jumapili hiyo, wakati wa ushuhuda kanisani, Tereza alisimama mbele. Alimshukuru Mungu kwa afya ya Gladness, kwa wanafunzi wapya, "na kwa kaka yangu Obedi, ambaye Bwana amempa macho ya mbali, akaniwekea akiba mahali ambapo mwizi wala kupe hafiki." Waumini wakasema amina. Wimbo ulipoanza Obedi aliketi peke yake, uso ndani ya viganja. Mzee wa kanisa akadhani ni upako, akamshika bega. Hakumwambia Jumapili hiyo.

Ilikuwa mwezi wa kumi alipopata ujumbe kwamba Tereza anamhitaji chuoni. Alimkuta amezitoa mashine zote za kuchapa, amezipanga sakafuni, anazipaka mafuta ya cherehani kwa unyoya wa kuku. Wasichana walikuwa wamekwenda kula.

"Kaka, shikamoo. Ingia, usikanyage hiyo."

"Marahaba. Unasafisha?"

"Nauza. Kuna bwana wa Usagara anafungua ofisi, anakuja kesho kuzichukua zote. Nimepita dukani kwenu juzi hukuwepo, nimeona kadi dirishani. Imeshuka sana!" Alisema kwa furaha, macho yanawaka. "Nikakumbuka uliyokuwa unasema kwenye pamba: bei ikilala chini, ndipo mwenye akili anapanda mbegu. Nitanunua katoni nyingine. Kabla ya elfu mbili tunaezeka na cha juu kinabaki. Shemeji Maige alinicheka kwenye msiba mmoja mbele ya watu, nikamwambia cheka, kaka yangu hakosei."

Obedi alizitazama mashine. Bila hizo hapakuwa na chuo, palikuwa na chumba karibu na stendi. Nje mpiga debe aliita Magu, Magu, wawili bado.

"Usiziuze," alisema.

"Kwa nini?"

"Bei haitapanda. Si mwaka elfu mbili, si lini. Viwanda vimejengwa vyote, Tereza. Vyote. Vile ulivyonavyo kabatini vinaoza."

"Nimeviwekea dawa."

"Si kwa wadudu."

Tereza aliweka chini unyoya. Alimtazama kwanza kama anayetafuta utani usoni mwake, maana Obedi alikuwa mtu wa utani. Hakuupata. "Basi umekosea," alisema, polepole, akimpa nafasi. "Mtu hukosea. Hata daktari hukosea."

Angeweza kuichukua nafasi ile. Ilikuwa imeandaliwa, imefutwa vumbi, ni kukaa tu. Kwa muda wa pumzi moja alikaa.

"Hapana," alisema. "Yaani, nilikosea arusini. Lakini siku ile uliponiuliza kama nina hakika, nilikuwa nimeshajua."

"Ulijua lini?"

"Nikitoka kwa Maige. Niliona njiani."

"Bahasha ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo mfukoni."

"Ukala samaki wangu."

"Nikala."

Alingoja Tereza apige kelele. Alingoja alie, ampige na kitu, amwite jina ambalo lingemtosha. Tereza alizoa vifuniko vya mashine kutoka kwenye kiti, akaanza kuzifunika moja baada ya nyingine, akivuta kila pembe mpaka ikae sawa. Obedi aliinama amsaidie.

"Acha," Tereza alisema.

Akaacha. Alipomaliza, Tereza alikwenda kwenye kabati, akafungua kufuli. Harufu ya vidonge vya nondo ikajaa chumbani. Akaitoa katoni, akaiweka mezani kati yao, akafuta mikono yake kwenye kanga.

"Bwana wa Usagara nitamwambia mwenyewe. Maige utakwenda kumwambia wewe, tena mbele ya wale wale waliosikia. Sitakwenda na wewe." Akavuta kiti, akakaa. "Shantilal anavinunua?"

"Anavinunua."

"Kwa bei gani? Ya leo. Usinikisie."

Obedi alikuwa ameiandika kadi mwenyewe asubuhi ile, wino haujakauka vizuri.

"Elfu kumi na nane," alisema. "Kipande kimoja, elfu kumi na nane."